Maji Yakipwa, Toa Penseli

Kama hujashika penseli ya kuchorea tangu ulipomaliza shule ya msingi na unatafuta mahali pa kuanzia, nenda ufukweni Bagamoyo siku ambayo maji yanakupwa asubuhi. Sikutumi huko kwa ajili ya magofu, ingawa yapo. Nakutuma kwa sababu maji yakishatoka, mashua hulala ubavu juu ya mchanga na kubaki hivyo kwa saa kadhaa, na hakuna atakayezisogeza mpaka bahari irudi. Anayejifunza anahitaji hicho tu: kitu kikubwa, chenye umbo linaloeleweka, kisichoondoka wakati yeye bado anachonga penseli.

Mimi si msanii. Kazi yangu ni ya kompyuta na simu kutwa, na kuchora nilikurudia ukubwani baada ya kuchoshwa na safari za kupiga picha, kula na kurudi. Simu hupiga picha huku unatembea, haikudai lolote. Penseli inakudai ukae. Na kwetu sisi, mtu mzima akikaa peke yake ufukweni saa nzima, hana mzigo wala mwenzake, lazima aulizwe anamsubiri nani, au kama nyumbani kwema. Akiwa na daftari mapajani, haulizwi hayo. Anaonekana ana shughuli. Raha ya burudani hii mimi naiona hapo: umepata ruhusa ya kukaa mahali pamoja ukatazama kitu kimoja, na mchoro hata ukitoka vibaya hakuna aliyekuagiza.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayopanga siku. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Ndiyo maana ukienda Jumamosi hii ukakuta maji yametoka saa nne asubuhi, Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo utakuta yamejaa na mashua zinacheza juu ya mawimbi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji huenda mbali sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na katika ukanda huu wa pwani yanakupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo siku yako. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na mashua nyingine huendelea kuelea, zikigeuka kila upepo unapogeuka. Mkiwa mmeanza kuzoeana na penseli, nendeni hata siku hizo. Mara ya kwanza tazama kwanza kalenda ya mwezi. Bagamoyo iko kilomita kama 70 kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo ukitoka alfajiri unafika jua likiwa bado la kuvumilika.

Vifaa visikutie gharama. Penseli mbili zinatosha, HB na 4B, na steshenari yoyote yenye wanafunzi wa sanaa karibu haikosi. Ndani ya penseli hakuna risasi, kuna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Mfaransa Nicolas-Jacques Conté ndiye aliyepata hataza ya utaratibu huo mwaka 1795, na mpaka leo ugumu wa penseli unategemea kipimo cha mchanganyiko. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na mstari wake unafifia. Grafiti ikizidi, inakuwa laini na nyeusi. HB utaitumia kutafuta umbo, kwa mistari hafifu ambayo hata ikikosewa haionekani sana. 4B itakupa weusi wa chini ya mashua. Seti zile za penseli kumi na mbili ndani ya kopo zinapendeza kuzawadiwa, lakini ukiwa mchangani utapoteza muda mwingi ukichagua.

Daftari liwe dogo, la A5, lenye karatasi nzito kuliko ile ya kudurufia. Karatasi ya gramu 80 hulegea kwa unyevu wa pwani, na ukifuta mara mbili inatoa manyoya. Tafuta ya gramu 120 au zaidi. Jalada liwe gumu ili uchoree mapajani. Ukikosa, bana karatasi zako kwenye ubao mwembamba kwa kibanio. Ongeza kifutio, wembe au kisu kidogo cha kuchongea, kofia, maji ya kunywa, na kipande cha kanga kuukuu. Kanga hiyo si ya kujifunika. Ni ya kuweka chini ya kiganja, kwa sababu mkono wenye jasho ukipita juu ya 4B unaburuza weusi hadi mbinguni. Kama unatumia mkono wa kulia, anza kutia weusi kushoto uende kulia, utajipunguzia usumbufu.

Kuhusu kuchonga: kichongeo cha shule hutoa ncha fupi. Wembe hutoa ncha ndefu ambayo ukiilaza inapiga kivuli kipana, ukiisimamisha inatoa mstari mwembamba. Chonga nyumbani, mchanga ukiingia kwenye ncha unakwaruza karatasi.

Sasa umefika. Usikae mara moja. Tembea kuanzia soko la samaki hadi upande wa Jumba la Forodha, lile la mwaka 1895, enzi za Wajerumani, ukitazama tu. Utaona mambo mengi kwa pamoja: mnada, wachuuzi wenye ndoo, moshi wa majiko ya kukaangia, watoto, ngalawa, majahazi, kunguru. Ukijaribu kuyachora yote utachoka kabla ya robo saa, na ukichoka umerudi ofisini. Chagua mashua moja. Kisha chora kijisanduku pembeni mwa ukurasa, kisichozidi ukubwa wa kiberiti, na ndani yake weka vitu vitatu tu: mstari wa bahari, umbo la mashua, na mlingoti. Fanya hivyo mara mbili tatu ukibadili mahali pa kuweka mashua. Kwenye kimojawapo utaona picha imekaa, na hicho ndicho utakachokikuza. Hatua hii watu huiruka wakidhani ni ya wataalamu, na ndiyo pekee ambayo mimi siachi hata nikiwa na haraka.

Mstari wa bahari una siri yake. Upeo daima uko kwenye kimo cha macho yako. Ukisimama unapanda nawe, ukikaa unashuka nawe. Ukiwa umesimama kwenye mchanga ulio sawa, vichwa vya watu wote wa kimo chako, wa karibu na wa mbali, vinagusa mstari ule ule, ila miguu ya wa mbali ndiyo inayokuwa juu zaidi kwenye karatasi. Ukikaa kwenye kigoda, mstari unawakata kiunoni. Ukilijua hili, hutachora tena watu wanaoonekana wanaelea. Mimi hupenda kukaa chini kabisa, mchangani, kwa sababu mashua inakuwa kubwa na mlingoti unakwenda juu sana angani.

Mashua yenyewe ianze kwa mstari mmoja: ukingo wake wa juu, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Huo mstari una mpindo, na mashua ikiwa imelala, mpindo wote umeinama upande mmoja. Nyoosha mkono, kiwiko kisikunjike, fumba jicho moja, na uilaze penseli sambamba na ukingo huo mbele ya macho yako. Bila kuuzungusha mkono, ishushe penseli hadi kwenye karatasi. Umepata mwinamo. Tumia penseli hiyo hiyo kupima: weka ncha kwenye omo, sogeza kidole gumba hadi kwenye tezi, kisha geuza kipimo hicho kisimame ulinganishe na urefu wa mlingoti. Utashangaa. Wengi wanaoanza huchora mlingoti mfupi kuliko ulivyo.

Tena huuchora wima katikati, kama mlingoti wa bendera ya shule. Tazama vizuri. Mlingoti wa mashua na wa jahazi umeinamia mbele, kuelekea omo, ili foromali iliyobeba tanga ipate nafasi ya kuning'inia. Ukiukosa mwinamo huo, hata ukichora kila ubao na kila msumari, mvuvi akitazama ataona kitu kisichokwenda baharini. Ukiupata, mistari mitano inatosha. Na foromali usiiogope kwa urefu wake; mara nyingi imeungwa kwa miti zaidi ya mmoja, na pale ilipoungwa pamezungushiwa kamba. Kifundo hicho kidogo kikichorwa kinamfanya mtazamaji aamini vyote vingine.

Kuna njia ya kupata umbo gumu bila kulichora. Usitazame mlingoti wala foromali, tazama kipande cha anga kilichobanwa katikati yao. Kina pembe tatu. Ichore hiyo pembe tatu ya hewa, na mlingoti na foromali vitajitokeza vyenyewe pembeni. Hali kadhalika na ngalawa: badala ya kuhangaika na mirengu na matengo yake, ile miti ya pembeni, chora nafasi zilizo wazi kati ya mirengu. Sijui mbinu nyingine inayotuliza akili haraka namna hii. Ukianza kutazama nafasi tupu, yale maneno ya kichwani, kodi, ada, barua pepe ambayo hujaijibu, yananyamaza, maana hakuna jina la kukipa kile unachokitazama.

Kivuli usikifukuze. Kwetu jua hupanda kasi, na kivuli ulichokiona saa tatu si hicho utakachokiona saa nne. Mara tu umbo likishakaa, zungushia vivuli vyote kwa mstari hafifu wa HB, halafu vijaze baadaye kama ulivyoviwekea mipaka, hata vikiwa vimehama. Tumia ngazi tatu basi: weupe wa karatasi, kijivu cha HB iliyolazwa, na weusi wa 4B. Weusi uwe mchache. Mahali panapostahili ni pale tumbo la mashua linapokutana na mchanga. Ukikandamiza hapo, mashua yote inapata uzito. Mbao usizihesabu. Mistari mitatu minne ya kalafati, pale mbao zinapoungana, iliyokatikakatika, inatosha kusema nyingine zipo.

Ufuko wa Bagamoyo unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua liko mbele yako na mashua zinaonekana nyeusi dhidi ya maji yanayong'aa. Ni rahisi kwa anayeanza, kwani ndani ya umbo hakuna cha kuchora. Kuanzia saa kumi jioni jua liko nyuma yako na kila ubao unaonekana. Kati ya saa tano na saa nane jua liko utosini, vivuli vimejificha, mchanga unaumiza macho. Wakati huo ni wa kula samaki.

Na watu watakuja. Watoto kwanza, nao ni rahisi: mpe mmoja karatasi na ile HB, utulivu unarudi. Watu wazima wana wasiwasi wao. Mtu mwenye karatasi anayetazama ardhi ya wenzake na kufumba jicho moja ana maana yake nchi hii. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu alinitazama muda mrefu kabla ya kunyanyuka. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapima?"

"Hapana mzee, nachora tu hii mashua."

"Maana wa ardhi nao huja hivi hivi, na karatasi."

Nikamgeuzia daftari. Akachuchumaa, akalishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na magamba, akatazama mashua, akatazama karatasi.

"Ya shemeji yangu hii. Sasa jarari iko wapi?"

Nikamwambia kamba nimeziacha kwa makusudi, ni nyingi.

"Nyingine acha. Jarari usiache. Hapo tanga watapandisha na nini, na dua?"

Akanionyesha kwa kidole: jarari, inayopandisha tanga, inashuka kutoka juu ya mlingoti, na demani, ya pembeni ya tanga, ndiyo nahodha anayoishika. Niliiongeza jarari palepale, mstari mmoja tu uliolegea kidogo, na mchoro ukakaa. Tangu hapo ninapochora kitu cha kazi ya watu huwauliza wenye kazi yao ni kipi kisichoweza kuachwa. Hakuna kitabu cha uchoraji kitakachokwambia hilo kuhusu mashua ya Bagamoyo.

Mtu wa karibu, ambaye sura yake itatambulika, muombe ruhusa kabla. Wengi wanaokataa kupigwa picha hukubali kuchorwa, kwa kuwa wanaona kinachofanyika na wanaweza kukuambia uache. Watu wa mbali wanaopita chora kwa vialama: kichwa, mteremko wa mabega, uzito wa ndoo upande mmoja. Usimsubiri arudi. Akija mwingine mwenye ndoo, mkopeshe miguu yake yule wa kwanza. Bandari, vivuko, kambi na majengo ya polisi achana nayo kabisa, hata kama yana madirisha mazuri.

Penseli haina rangi, na hiyo ni nafuu ukiwa safarini. Lakini rangi unaweza kuziandika. Mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alipokwenda Morocco mwaka 1832 pamoja na ujumbe wa kibalozi, alijaza madaftari madogo kwa michoro ya haraka na pembeni akaandika kwa maneno rangi alizoziona, akaja kuzitumia kwa miaka mingi baadaye akiwa Paris. Fanya hivyo. Kando ya mashua andika "omo kijani kilichopauka, mstari mwekundu, chini lami". Andika na uliyoyasikia: bei iliyotajwa mnadani, jina la upepo. Michoro yangu ya mwanzo, nikiitazama leo, ninaikumbuka zaidi kwa yale maandishi ya pembeni kuliko kwa mistari yenyewe.

Saa moja inatosha. Ukiona unaanza kurekebisha ulichokwisha kukirekebisha, simama. Andika tarehe na hali ya maji kwenye kona, weka karatasi nyembamba katikati ya kurasa ili grafiti isihamie upande wa pili, funga. Nakushauri pia usiupandishe mtandaoni siku hiyo. Najua nayasema haya kwenye blogu, lakini mchoro ukishaanza kuhesabiwa waliopenda, safari ijayo utachagua kitu cha kuwapendeza, na utarudi umechoka kuliko ulivyokwenda.

Ukipata nguvu ya duru ya pili, Kaole iko kilomita chache kusini, na yale makaburi yenye nguzo ni mazuri kwa mtu anayetaka kujifunza mawe yaliyolika. Milango ya nakshi ya mjini iache kwanza. Kila anayefika huikimbilia, na nakshi zake zinamgeuza mtu kuwa mwenye kunakili: unahesabu maua badala ya kutazama. Ukiitaka sana, chora mlango mzima kwa mbali ukiwa na mtu amekaa barazani, nakshi ziwe kivuli tu.

Basi la kurudi halitoki mpaka lijae, na hapo ndipo watu hutoa simu. Wewe chora mikono. Abiria anayesubiri hushika kitu kwa namna yake, mkoba, tiketi, mtoto aliyelala, na hukaa hivyo muda mrefu kuliko anavyojijua. Tumia HB, mistari michache, usimkodolee macho usoni. Konda akianza kugonga bati, weka penseli mfukoni ncha ikitazama juu, maana barabara yenye matuta haina huruma na 4B iliyochongwa vizuri.